Meli Rafiki kama Chambo: Mbinu ya Kuvizia katika Filamu ya Star Trek II: The Wrath of Khan

Kuvizia ni mbinu kongwe katika masimulizi ya vita, na ugumu wake wa kisanaa hauko katika kumficha mshambuliaji. Pori, usiku, ukungu na kona ya mlima humficha mtu yeyote. Ugumu uko katika kumfanya mshambuliwa aende mwenyewe, kwa hiari yake na kwa sababu zenye mashiko, mpaka mahali atakapopigwa. Msimulizi akishindwa kuzijenga sababu hizo, nahodha anayenaswa huonekana mjinga tu, na hadhira haioni haja ya kumwonea uchungu. Hadithi za vita vya anga za juu huongeza ugumu mwingine: anga ni tupu, haina pori wala kona, na vyombo vinavyopita humo husimuliwa kuwa na mitambo ya kuona mbali mno. Manowari yenye mitambo ya namna hiyo huviziwaje?

Makala haya yanalichunguza swali hilo kupitia filamu ya Star Trek II: The Wrath of Khan, iliyoongozwa na Nicholas Meyer na kutolewa nchini Marekani mwezi Juni 1982. Hoja inayotetewa ni kwamba maficho ya mshambuliaji katika filamu hiyo ni udugu wenyewe: adui amejificha ndani ya meli ya jeshi lilelile, na silaha yake ya kwanza ni mazoea ya nahodha ya kuwaamini wenzake. Kutokana na hoja hiyo huzuka nyingine, kwamba udugu huohuo ndio unaompa nahodha upenyo wa kujiokoa.

Chimbuko la kisasi

Khan Noonien Singh, aliyeigizwa na Ricardo Montalbán, hakuanzia katika filamu hii. Alionekana mara ya kwanza katika tamthilia ya televisheni ya Star Trek, katika sehemu iitwayo "Space Seed" iliyorushwa Februari 1967. Humo yeye ni mtu aliyezalishwa kwa ustadi wa kisayansi ili awazidi binadamu wengine nguvu na akili. Anajaribu kuiteka meli ya Enterprise, anashindwa, na Kapteni James Kirk anamwacha pamoja na wafuasi wake katika sayari ya Ceti Alpha V ili wajijengee maisha yao. Filamu inaanza miaka 15 baadaye. Sayari jirani imelipuka, ardhi waliyopewa imegeuka jangwa la upepo na vumbi, na mke wa Khan amefariki. Katika muda wote huo Kirk hakutuma mtu kuwajulia hali. Kosa hilo halipewi mazungumzo mengi, lakini ndilo linalompa Khan sauti ya mtu aliyedhulumiwa na kumwepusha na ubapa wa mhusika mwovu wa kawaida.

Meli ya Reliant inafika hapo kwa kudhani imefika sayari nyingine. Khan anawakamata Kapteni Terrell na afisa Chekov, anawatia masikioni viumbe vidogo vinavyowaondolea utashi, kisha anaiteka meli yao. Sasa ana chombo cha kivita, ila hana Kirk. Namna anavyompata ndiyo sehemu inayostahili kuangaliwa kwa utulivu.

Chekov, akiwa chini ya utashi wa Khan, anawaarifu wanasayansi wa kituo cha Regula I kwamba Reliant inakuja kukichukua kifaa chao cha Genesis, na kwamba amri hiyo imetoka kwa Kirk. Genesis ni kifaa chenye uwezo wa kuigeuza sayari kame kuwa yenye uhai. Kikielekezwa kwenye sayari ambayo tayari ina viumbe, huvifuta vyote. Dkt. Carol Marcus, mkuu wa mradi huo na mama wa mtoto wa Kirk, anashtuka na kumpigia Kirk kumuuliza. Mawasiliano yanavurugwa kabla hajapata jibu. Kirk anageuza meli kuelekea Regula. Katika mnyororo huu hakuna aliyemdanganya Kirk moja kwa moja. Wasiwasi wa Carol ni wa kweli, na sauti yake ni ya kweli. Uongo umepandwa hatua moja nyuma, kwa kutumia jina la Kirk mwenyewe, na kilichomfikia ni ukweli uliokatwa katikati. Chambo cha aina hii ni kigumu kukishuku kwa sababu anayekileta hajui kuwa anakileta.

Jambo jingine linaukuza uzito wa tukio. Enterprise haiko vitani wakati huo. Iko katika safari ya mafunzo, na sehemu kubwa ya wahudumu wake ni kadeti. Kirk amekwisha kupandishwa cheo kuwa admirali, anaitazama siku yake ya kuzaliwa kwa unyonge, na daktari wake amempa zawadi ya miwani. Anayekwenda mtegoni, basi, ni mtu anayejiona amezeeka, akiwa na vijana wasiowahi kupigana.

Dakika za kusogeleana

Kabla ya yote hayo, filamu inakuwa imekwisha kumfundisha mtazamaji kusoma mitego. Onyesho la kwanza kabisa ni la meli inayopokea wito wa msaada kutoka chombo cha mizigo kiitwacho Kobayashi Maru, kilichokwama ndani ya mpaka usioruhusiwa. Luteni Saavik anaamua kuingia kuwaokoa. Mara wito unapotea, manowari za Klingoni zinatokea, na wote walio katika chumba cha usukani wanaanguka. Kisha taa zinawashwa na kubainika kwamba lilikuwa igizo la mtihani, mtihani usio na ushindi, unaopima jinsi afisa anavyokikabili kifo. Kirk pekee ndiye aliyewahi kuushinda, tena kwa kuibadili programu ya kompyuta kwa siri. Mtazamaji anaondoka hapo akijua mambo mawili: huruma ni mlango wa mtego, na Kirk hajawahi kushindwa kikwelikweli.

Onyesho la kukutana na Reliant linajengwa juu ya maarifa hayo kwa kinaya cha kidrama. Mtazamaji anajua aliyemo ndani ya Reliant, Kirk hajui. Meyer hakumficha Khan ili kupata mshangao. Amechagua taharuki, akikata picha kutoka chumba cha usukani cha meli moja hadi cha nyingine huku umbali ukipungua. Vyumba hivyo vinafanana, kwa kuwa ni jukwaa lilelile lililobadilishwa mapambo, na upungufu huo wa kiuchumi umeleta faida isiyo ndogo ya kimaana: adui amekaa kwenye kiti kilekile, mbele ya mitambo ileile. Khan na Kirk hawakutani ana kwa ana hata mara moja katika filamu nzima.

Reliant inakuja kimya, haijibu wito. Kirk anaona ajabu, anatangaza tahadhari, lakini hainui ngao za meli. Saavik anaanza kunukuu kanuni kuhusu chombo kinachosogea bila mawasiliano kuthibitishwa. Spock anamkatiza kabla hajamaliza, akimkumbusha kwamba admirali anazijua kanuni. Sentensi hiyo iliyokatizwa ndiyo kitovu cha onyesho. Spock si mzembe. Anachokilinda ni heshima ya mkubwa wake mbele ya mdogo. Adabu, ambayo katika chombo chochote cha kijeshi huleta utulivu, hapa inaziba mdomo wa mtu pekee aliyesema neno sahihi. Ndipo Uhura, afisa wa mawasiliano ambaye jina lake lina asili katika neno la Kiswahili uhuru, anapokea ujumbe kwamba mtambo mmoja wa Reliant una hitilafu inayovuruga mawasiliano. Ujumbe huo unamfikia Kirk kupitia mdomo anaouamini kuliko yote. Spock anapima na kukuta mtambo huo hauna hitilafu yoyote. Wakati huohuo ngao za Reliant zinapanda, mizinga yake ya miale inalenga, na chumba cha injini cha Enterprise kinapigwa. Amri ya kuinua ngao inatoka ikiwa imechelewa kwa sekunde chache.

Waliokufa na kujeruhiwa huko chini ni pamoja na kadeti. Makombora katika filamu nyingi za anga hupiga vyuma. Hapa kamera inashuka mpaka kwa vijana walioungua. Baadaye Kirk anakiri kosa lake mbele ya Saavik na kumtaka aendelee kunukuu kanuni.

Utanzu wa fasihi ya Waswahili una mfano unaosaidia kulielewa jambo hili. Katika masimulizi ya Fumo Liyongo, njama ya kwanza ni ya kikoa: vijana wanakubaliana kupanda mkoma kwa zamu kuangua makoma, na zamu ya Liyongo ikifika apigwe mishale akiwa juu. Liyongo anahisi jambo, anayaangusha makoma kwa mishale yake akiwa chini. Njama hiyo inashindwa kwa kuwa waliokula naye kikoa walikuwa wenzake tu. Inayofaulu ni ya mwisho, ya mwanawe na sindano ya shaba, kwa kuwa baba hajilindi dhidi ya mwana. Kirk yuko katikati ya ncha hizo. Reliant ni zaidi ya mwenzi wa kikoa na pungufu ya mwana, na kiwango cha tahadhari anachochukua, cha kutangaza hatari bila kuinua ngao, kinalingana sawasawa na kiwango hicho cha udugu.

Mtego kugeuzwa

Khan anadai taarifa zote za Genesis. Kirk anaomba muda, anapewa sekunde 60, anavaa miwani yake na kutafuta namba ya siri ya Reliant. Kila meli ya jeshi lao ina namba ya aina hiyo, inayoiwezesha meli nyingine kuiamuru mitambo yake kwa mbali. Namba inatumwa, ngao za Reliant zinashuka, Enterprise inapiga, na Khan anarudi nyuma akiwa amejeruhiwa. Mhakiki anaweza kulalamika kwamba namba hiyo inaibuka ghafla, bila kutayarishwa, kama msaada ulioshushwa na mwandishi. Lalamiko hilo lina ukweli. Hata hivyo, kimantiki suluhisho linaoana na tatizo: Khan aliweza kusogea kwa sababu alikuwa ndani ya meli ya ndugu, naye anapigwa kwa sababu hiyohiyo. Ameiteka meli bila kuzijua siri za ukoo wake.

Hatua inayofuata ni ya Spock. Akijua kwamba Khan anasikiliza, anamweleza Kirk, aliyekwama Regula, kuhusu muda wa matengenezo kwa namna ya mtu anayefuata kanuni: saa zitaonekana kuwa siku. Kirk anaelewa kwamba siku mbili zilizotajwa ni saa mbili. Khan anayapokea maneno kwa maana yake ya juu. Kanuni iliyodharauliwa kwa hasara sasa ndiyo inayobeba fumbo, na Saavik, aliyekatizwa mwanzoni, ndiye anayebaki akishangaa kwamba Spock amesema uongo.

Enterprise, dhaifu kuliko adui yake, inakimbilia nebula ya Mutara, wingu la gesi ambamo ngao hazifanyi kazi na skrini hazioni. Hatimaye anga inapata pori lake. Msaidizi wa Khan, Joachim, anamwonya asiingie, na Khan anasita. Kirk anamtumia maneno ya dhihaka kuhusu akili yake anayojivunia, na kusita kunaisha. Chambo cha Kirk kilikuwa imani. Cha Khan ni kiburi. Tofauti ni kwamba Kirk hakuwa na wa kumwonya kwa sauti iliyokamilika, ilhali Khan alionywa waziwazi akakataa.

Mapambano ya ndani ya wingu yana asili inayotambulika. Meyer aliichukua ruwaza ya riwaya za baharini za C. S. Forester kuhusu Hornblower, na upelelezi wa kusikilizana gizani ni wa filamu za nyambizi kama The Enemy Below ya 1957. Mwandishi wa Kiswahili anayeita chombo hiki manowari, neno lililoingia lugha kutoka enzi za merikebu za kivita za tanga, hakosei hata kidogo. Spock anabaini kwamba Khan ana akili lakini hana uzoefu, na kwamba anafikiri kwa mapana na marefu pekee, bila kina. Enterprise inashuka mita 10,000, Reliant inapita juu, Enterprise inapanda nyuma yake na kupiga. Kwa wanaanga wa kweli, kushuka na kupanda kungekuwa jambo la kila siku, na inashangaza kidogo kwamba hila hiyo inahesabiwa kuwa ya werevu mkubwa. Inakubalika kwa sababu filamu nzima imewazoesha watazamaji kuiona anga kama bahari yenye uso mmoja.

Khan anayekufa anaiwasha Genesis. Zimebaki dakika 4, na injini za Enterprise, zilizoharibiwa katika shambulizi la kwanza, haziwezi kuiondoa meli haraka. Kwa hiyo dakika zile ambazo ngao hazikuinuliwa hazijaisha. Deni lake linadaiwa sasa. Spock anaingia katika chumba chenye mnururisho mkali, anarekebisha mtambo kwa mikono yake, na meli inaokoka. Kirk anafika na kukuta kioo kati yao. Spock anamwambia kwamba hakuwahi kuufanya mtihani wa Kobayashi Maru mpaka siku hiyo, kisha anamuuliza analionaje jibu lake.