Majani Tele, Ng'ombe Anakonda

Katika miaka ya 1920, wafugaji wa Nakuru, kwenye Bonde la Ufa nchini Kenya, walipambana na ugonjwa wa ajabu. Malisho yalikuwapo, lakini ng'ombe na kondoo walioingizwa humo walikonda mwezi baada ya mwezi. Waliacha kula, damu ikawapungua, na wengi wakafa. Waliohamishiwa mapema kwenye malisho ya eneo jingine walipata nafuu. Ugonjwa huo ukapewa jina la mji wenyewe.

Wataalamu wa wakati huo walidhani kinachokosekana ni madini ya chuma. Jibu lilipatikana Australia mwaka 1935. Watafiti Underwood na Filmer walikuwa wakitibu maradhi ya aina hiyo kwa mawe yenye chuma, wakagundua kwamba hata chuma kikiondolewa, dawa iliyobaki bado inaponya. Kilichokuwa kikiponya ni kobalti iliyojificha ndani ya mawe hayo kwa kiasi kidogo mno.

Kiasi anachohitaji ng'ombe ni kidogo kweli. Anayekula kilo 10 za majani makavu kwa siku hutosheka na miligramu 1 hadi 2 za kobalti, kwa hiyo gramu moja tu ingemtosha kwa zaidi ya mwaka. Akikosa hiyo, mambo huharibika. Katika tumbo lake kubwa la kwanza wamo bakteria wanaotumia kobalti kutengeneza vitamini B12. Bakteria hao wanapomeng'enya majani hutoa pia asidi ya propioniki, ambayo ini huigeuza kuwa glukosi, yaani sukari ya kuupa mwili nguvu. Bila B12 kazi hiyo ya ini hukwama. Ng'ombe huwa ameshiba na bado mwili wake una njaa, kisha hata hamu ya kula humtoka. Kwa kuwa ini huweka akiba ya vitamini hiyo, dalili huchelewa kwa miezi, tena hufanana na za minyoo, na mfugaji huishia kununua dawa ya minyoo tena na tena bila kuona mabadiliko.

Jambo ninalotaka kila mfugaji alishike ni hili: wingi wa majani na ukijani wake havikuambii yana nini ndani. Mmea huchota madini kwenye udongo, na udongo hautoi kisichokuwamo.

Kobalti ni mfano mmoja. Kwa ng'ombe wanaochungwa katika nchi za joto, upungufu unaoonekana zaidi ni wa fosforasi. Udongo mwingi wa ukanda huu una fosforasi haba, na kiangazi huzidisha shida: nyasi zikishazaa mbegu na kukauka, sehemu kubwa ya fosforasi huondoka kwenye majani. Wakati huohuo, kila lita ya maziwa hutoka na karibu gramu 1 ya madini hayo. Ng'ombe anayekamuliwa lita 10 hupoteza karibu gramu 10 kila siku, na zisipotoka kwenye chakula zitatoka kwenye mifupa yake. Matokeo yake maziwa hupungua, mtamba huchelewa kupata joto, mimba haishiki, na mwendo huwa mgumu kana kwamba miguu inauma.

Ishara nyingine ni ng'ombe kutafuna mifupa. Afrika Kusini, mwanzoni mwa karne iliyopita, daktari wa mifugo Arnold Theiler na wenzake walichunguza ugonjwa uliokuwa ukipooza na kuua ng'ombe wengi. Walibaini kwamba wanyama waliokosa fosforasi walitafuna mifupa ya mizoga, na mizoga hiyo ilikuwa na sumu ya bakteria wa botulizimu. Ng'ombe walipopewa unga wa mifupa, tamaa ile ilipungua na vifo vikapungua pia. Kwa hiyo ukimwona ng'ombe wako ameng'ang'ania mfupa machungani, usimcheke wala usimwachie. Fukia mizoga, kisha tafuta chanzo cha fosforasi.

Shaba nayo ina mtego wake. Inaweza kuwamo majanini na bado isimfikie mnyama, kwa sababu molibdenamu na salfa zikizidi huishika tumboni na kuizuia isifyonzwe. Manyoya meusi hugeuka rangi ya kutu, hasa kuzunguka macho, ndama huharisha, na mifupa huvunjika kirahisi.

Wafugaji wengi hudhani chumvi inamaliza yote. Chumvi ya kawaida ni muhimu, maana majani mengi hayana sodiamu ya kutosha, na ng'ombe huitafuta mwenyewe. Lakini haina fosforasi, shaba wala kobalti, na ng'ombe hana silika ya kumwonyesha kwamba kobalti imepungua. Magadi ya Bonde la Ufa yanataka tahadhari zaidi, kwani mengi yana floridi inayoharibu meno na mifupa ikizidi.

Ufanye nini basi? Kwanza, zungumza na majirani. Kama ng'ombe wa bonde zima wana dalili zilezile, na wanaohamishwa hupata nafuu, shuku udongo. Pili, mwite daktari wa mifugo aondoe uwezekano wa minyoo, ndigana na nagana, kisha muulize kuhusu kupima damu na malisho. Maabara za KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo nchini Kenya, na za Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, Tanzania, ni mahali pa kuanzia kuulizia. Tatu, nunua mchanganyiko wa madini ambao lebo yake inataja fosforasi, shaba, kobalti na iodini pamoja na viwango vyake, na uuweke pakavu ambapo kila ng'ombe ataufikia. Nne, tumia ulicho nacho: pumba na mashudu huongeza fosforasi, nayo majani ya lusina na desmodiamu huongeza kalsiamu.

Onyo moja usilisahau: madini ya ng'ombe yenye shaba nyingi yanaweza kumuua kondoo. Watenge wanapolamba.

Gharama ya madini huonekana siku ya kununua, ilhali hasara ya kuyakosa huja polepole: lita mbili leo, mimba moja msimu huu, ndama dhaifu mwakani. Andika tarehe za kuzaa na za kupandisha, na kiasi cha maziwa cha kila siku. Kumbukumbu hizo zitakuonyesha upungufu mapema kuliko mbavu za ng'ombe, na zitampa daktari pa kuanzia.