Vidudu Vinavyomlisha Ndagala

Ndagala mkavu anayepandishwa Kabambare kutoka Baraka na Fizi, na kuendelea hadi masoko ya Kasongo, amenenepa kwa kula mnyama ambaye wauzaji wengi hawajawahi kumwona. Ni kopepodi: urefu wake ni kama milimita moja, ana papasi mbili ndefu, na wengi wana jicho moja tu katikati ya kichwa. Pamoja na wenzake wanaoelea majini wakichukuliwa na mikondo huitwa zuplanktoni. Bahari zote zimejaa jamaa zake. Huyu wa kwetu anaishi Ziwa Tanganyika, na shida anazokabili ni zile zile za baharini, isipokuwa moja.

Hiyo moja ni chumvi. Mwingereza J.E.S. Moore alilitembelea ziwa mwaka 1896 na tena 1899, akakuta konokono wanaofanana na wa baharini, na konyeza mdogo. Katika kitabu chake cha 1903 alidai kwamba Tanganyika iliwahi kuungana na bahari. Alikosea, lakini dai lake linazua swali zito: mnyama wa baharini angewezaje kuishi humu? Kopepodi wa baharini ana maji mwilini yenye chumvi karibu sawa na ya bahari, kwa hiyo hahitaji kupigana nayo. Wa maji baridi huingiwa na maji mchana na usiku, huku chumvi yake ikivuja. Lazima aivute irudi ndani kwa pampu ndogo mno zilizo kwenye utando wa seli, na pampu hizo hula nguvu bila kupumzika. Anazaliwa akiwa na deni.

Kisha kuna hewa. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, lakini oksijeni huishia kwenye mita 100 hivi upande wa kaskazini, na karibu mita 200 upande wa kusini. Chini ya hapo maji yote hayana uhai wa wanyama. Mchana kopepodi wengi huteremka gizani kukwepa mionzi ya jua na macho ya samaki. Usiku hupanda kula mwani, na ndagala huwafuata, ndiyo maana wavuvi huvua usiku kwa taa. Kadiri kopepodi anavyoshuka, ndivyo anavyojificha vizuri zaidi na kupumua vibaya zaidi. Hana mahali pa starehe.

Binamu zake wa madimbwini, kama Moina, wametafuta njia nyingine. Dimbwi lililoachwa na mto wakati wa kiangazi linapoishiwa hewa, wao huanza kutengeneza hemoglobini, ile ile inayofanya damu yetu kuwa nyekundu, na miili yao myangavu hugeuka rangi ya waridi. Dimbwi likikaribia kukauka, hutaga mayai yenye ganda gumu ambayo hukaa matopeni hadi mvua irudi. Mimi naona huu ni ustadi wa kustaajabisha kuliko wowote wa simba.

Joto ndilo mkopeshaji mkali kuliko wote. Joto la maji likipanda nyuzi 10, mahitaji ya oksijeni ya kopepodi huongezeka takribani mara mbili, ilhali maji ya moto hushika oksijeni kidogo zaidi. Ndani ya seli protini huanza kupoteza umbo lao. Mwaka 1962 Mtaliano Ferruccio Ritossa, akichunguza inzi waliopashwa joto kupita kiasi, aliona jeni fulani zikiamka ghafla. Baadaye ikajulikana kwamba hutengeneza protini za uokoaji, zinazoshika zile zilizoharibika na kuzirudishia umbo kama fundi anyooshaye bati lililopinda. Wanyama wa planktoni nao wanazo. Lakini kila protini ya uokoaji imelipiwa kwa chakula ambacho kingekuwa mayai.

Mwaka 2003 tafiti mbili zilionyesha kwamba maji ya juu ya Tanganyika yamepata joto, na maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani. Upepo wa kusini, unaovuma kati ya Mei na Septemba, ndio unaopandisha mbolea kutoka chini. Maji ya juu yakiwa mepesi kwa joto, upepo huo hauwezi kuyapindua vya kutosha. Mwani hupungua. Kopepodi anapata chakula kidogo wakati ule ule gharama ya kuishi imepanda, na cha kwanza anachopunguza ni mayai.