Paa Halitibiwi kwa Kopo la Lami

Kila mvua za Machi zinapokaribia, swali linalotoka Gisenyi, Rwanda, ni lile lile: ni lami gani nzuri ya kupaka pale bati linapokutana na ukuta? Hakuna. Pembe hiyo hulindwa na bati lililokunjwa, ambalo mafundi huliita flashingi, linalopokea maji yateremkayo ukutani na kuyatupa juu ya paa. Likiwekwa vibaya, kopo haliwezi kulinyoosha.

Hesabu yenyewe ni ndogo. Bati la chuma la mita 6, joto lake likipanda nyuzi 40 kutoka alfajiri hadi jua la mchana, hurefuka karibu milimita 3, kisha jioni hujirudi. Ukuta wa mawe ya volkano hauchezi hivyo. Lami iliyokaukia katikati yao huchanika, na ufa wake, mwembamba kama unywele, huingiza maji yasiyopata pa kutokea, mbao zikaoza. Saruji hupasuka upesi zaidi, na ikiwa mbichi hula zinki. Silikoni inayonuka siki ni balaa jingine: asidi yake huliozesha bati lile lile ililoitwa kulilinda. Utasikia, “Mbona niliyopaka Juni ilishika hadi Agosti?” Ilishika kwa sababu miezi hiyo mvua ni haba, haikujaribiwa. Wengine hulaumu matetemeko yaliyofuata mlipuko wa volkano ya Nyiragongo, Mei 2021. Ni kweli yalipasua nyumba wilayani Rubavu, uliko mji wa Gisenyi, ila hoja hiyo inawageuka wenyewe: ukuta unaoweza kutikisika ndio hasa usiopaswa kugandishwa na paa.

Basi fanya hivi. Doa la dari si anwani ya tundu. Maji hutambaa kwenye mbao kabla ya kudondoka. Siku kavu, mwagia paa maji kwa mpira kuanzia chini, dakika 10 kila sehemu, ukipanda, mwenzako akiwa darini na tochi. Ukipata penye kasoro, ng’oa. Flashingi mpya iwe ya mabati mawili: la chini lipande ukutani sentimita 15, lifunike migongo miwili ya bati la paa, na lipigiliwe paani tu. La juu lichomekwe katika mfuo wa sentimita 2 hadi 3 uliochongwa ukutani, lining’inie juu ya lile la chini bila kufungwa nalo. Ukiyapigilia pamoja, umerudi kwenye lami. Fedha zikipungua, anza na ukuta unaopigwa na mvua ya upepo. Lami ikusitiri tu mpaka fundi afike.