Rufiji na Mito Mingine Inayoilisha Tanzania

Mvua inayonyesha Tanzania huishia hasa katika bahari tatu. Pangani, Wami, Ruvu, Rufiji na Ruvuma humwaga maji katika Bahari ya Hindi. Kagera na Mara huingia Ziwa Victoria, na maji yake hufuata Nile hadi Bahari ya Kati. Malagarasi huenda Ziwa Tanganyika, linalopitisha maji yake Kongo kuelekea Atlantiki. Mito mingine huishia katika maziwa yasiyo na pa kutokea, kama Rukwa na Eyasi.

Mkubwa kuliko yote ni Rufiji. Bonde lake lina takriban kilomita za mraba 177,000, karibu sehemu moja ya tano ya nchi. Mto huu huanzia Kilombero na Luwegu inapokutana, kisha hupokea Ruaha Mkuu. Kilombero, unaokusanya vijito vya Udzungwa, Mahenge na nyanda za Njombe, huleta zaidi ya nusu ya maji, lakini Ruaha ndio unaozungumzwa sana.

Si ajabu. Ruaha hupita Usangu, wilayani Mbarali, ambako mpunga hunyweshwa kwa mifereji, kisha hujaza bwawa la Mtera na kuzungusha mitambo ya Kidatu iliyoanza kazi mwaka 1975. Kiangazi cha 1993 mto ulikauka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na tangu hapo hukauka karibu kila mwaka, viboko wakibanana katika madimbwi. Mkulima wa Usangu ana haki ya maji. Ila mfereji ukiachwa wazi baada ya mavuno, maji hupotea bila kuzaa hata gunia moja.

Chini zaidi, kwenye Rufiji wenyewe, umejengwa ukuta wa Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Nchi iliuhitaji umeme huo. Lakini tangu zamani Warufiji hulima mlau, yaani hupanda mahindi na kunde katika udongo mbichi unaoachwa na mafuriko. Tope hilohilo hulisha mikoko ya delta, msitu mkubwa wa aina yake Afrika Mashariki, ambamo kambamiti hukulia. Kwa hiyo ratiba ya kufungulia maji bwawani ni suala la chakula pia, na wanaoishi bondeni wanastahili kuulizwa inapopangwa.

Kaskazini, Pangani huchota maji ya Kilimanjaro na Meru, hujaza Nyumba ya Mungu na kuzalisha umeme Hale kabla ya kufika pwani. Maji yanapopungua, chumvi ya bahari hupanda mtoni na kuharibu mashamba. Ruvuma, kusini, ni mpaka na Msumbiji. Tangu 2010 unavukwa kwa Daraja la Umoja.

Ruvu ni mto mdogo ukilinganishwa na hiyo, ila ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Chimbuko lake ni milima ya Uluguru, na ulipopungua mwishoni mwa 2022 jiji liliingia katika mgao wa maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Wanaolima ndani ya eneo hilo wapatiwe mahali pengine, kisha mita hizo 60 ziheshimiwe na kila mtu, mwekezaji na mkulima mdogo.