Njia ya Miguu Katika Vilima vya Mwanza

Mtu akipanda kilima karibu na mji wa Mwanza, akageuka na kutazama chini, huona mawe makubwa, maji mapana ya ziwa, na kati yake njia nyembamba zinazoshuka kutoka nyumba hata nyumba, na kutoka shamba hata ufukoni. Njia hizo hazikunyoka. Hupinda mara kulia, mara kushoto, na mahali pengine huzunguka jiwe moja kubwa kana kwamba zinaliogopa. Mgeni huuliza, “Kwa nini watu hawa wasipite moja kwa moja?” Lakini mwenye kuijua nchi hujua kwamba njia haipindi bure.

Kwanza na tuyatazame mawe. Mawe ya Mwanza ni ya namna iitwayo matale, nayo ni magumu sana. Zamani mno, zaidi ya miaka milioni 2,000 iliyopita, yalikuwa uji wa moto chini ya ardhi. Uji ule ulipopoa ukawa mwamba, na mwamba ukaingia nyufa. Maji yakapenya katika nyufa zile, yakaulainisha mwamba polepole, hata pande zake zikawa mchanga na udongo. Kisha mvua ikauchukua udongo, na mioyo migumu ya mwamba ikabaki wazi, jiwe juu ya jiwe, kama vitu vilivyopangwa kwa mikono ya jitu. Mwamba wa Bismarck, unaosimama majini karibu na mji, ni mmoja wa mawe hayo. Juu ya mawe hukaa pimbi, na mijusi hujianika juani. Dume la mjusi mmoja lina kichwa chekundu na mwili wa buluu, na wataalamu wamempa mjusi huyo jina la Kilatini ambalo ndani yake limo jina la Mwanza.

Basi, njia ikitoka penye mawe na kushuka, haipiti juu ya udongo wa namna moja. Wasukuma, ambao wamelima nchi hii tangu zamani, wameupa kila udongo jina lake. Karibu na mawe upo mchanga uitwao luseni. Huo hulimika kwa urahisi, nao hufaa kwa mihogo, karanga na viazi vitamu. Chini yake upo udongo wa kijivu uitwao itogoro, ambao wakati wa kiangazi huwa mgumu kama sakafu. Chini kabisa, bondeni, ipo mbuga, yaani udongo mweusi mzito. Wakati wa jua mbuga hupasuka nyufa pana, na wakati wa mvua hunata miguuni hata mtu ashindwe kwenda. Huko watu hutengeneza majaruba na kupanda mpunga.

Mwaka 1935 mtaalamu wa udongo jina lake Milne, aliyefanya kazi Amani katika nchi ya Tanganyika, aliandika kwamba udongo wa mteremko hufuatana kama pete za mnyororo, kila namna mahali pake. Wataalamu wa nchi nyingi walilipokea neno lake. Lakini mkulima wa Usukuma alikuwa amekwisha kuujua mnyororo huo kwa jembe na kwa nyayo zake. Ndiyo sababu njia zake hukaa juu ya mchanga wa luseni kadiri iwezekanavyo, maana hukauka upesi baada ya mvua. Na zikilazimika kuivuka mbuga, huivuka mahali ilipo nyembamba.

Kwa njia za namna hii wageni pia walifika ziwani. Tarehe 9 Julai mwaka 1858 Mwingereza John Speke aliondoka Kaze, karibu na Tabora, akaelekea kaskazini. Pamoja naye alikuwako Sidi Mubarak Bombay, mtu wa kabila la Wayao, ambaye alichukuliwa utumwani angali mtoto, akapelekwa Bara Hindi, kisha akarudi Afrika akiwa mtu huru. Yeye alikuwa mkalimani wa Speke. Msafara haukufyeka njia mpya, bali ulifuata njia zilizokwisha kukanyagwa na wenyeji na wafanya biashara. Tarehe 3 Agosti walipanda kilima, na ziwa likaonekana mbele yao. Speke aliliita kwa jina la malkia wa nchi yake, ingawa watu wa pwani zake walikuwa na majina yao tangu kale. Kama njia zile zisingalikuwako, safari ile isingalikwisha kwa siku ishirini na tano.

Njia ya miguu, basi, ni mali. Lakini mali hii ina adui, naye ni maji yanayoshuka kwa haraka. Adui huyu haji mwenyewe. Mara nyingi mtu ndiye amfunguliaye mlango.

Mambo huanza hivi. Mtoto amechelewa shuleni. Anaona njia inazunguka, naye anakata moja kwa moja kushuka kilima. Kesho wenzake kumi wanafuata nyayo zake. Baada ya mwezi mmoja nyasi za mahali pale zimekufa, na udongo uko uchi. Mvua za Novemba zinapoanza, maji hutafuta mahali pa kupita, nayo hukuta mstari mtupu ulionyoka. Kadiri mteremko unavyozidi kuwa mkali, maji hukimbia zaidi. Na maji yakimbiayo huweza kuchukua mchanga mwingi sana kuliko maji yatembeayo. Mwaka wa kwanza mstari ule huwa mfereji mdogo ambao mtoto huuruka. Miaka michache baadaye huwa korongo ambalo ng'ombe hawezi kulivuka, nalo hula kando zake hata kuingia katika shamba la mihogo la mtu asiyekosa lo lote.

Tena hasara haiishi kilimani. Mchanga hushuka na kuyafunika majaruba ya mpunga. Udongo laini huendelea hata ziwani. Karibu na ufuko, katika maji machache, sato dume hufukua kiota chake chini. Matope yakizidi, mahali pale huharibika. Na furu je? Jike la furu humchagua mwenziwe kwa rangi. Wataalamu waliochunguza samaki wa ghuba ya Mwanza wameona kwamba maji yakiwa na giza, rangi hazitambulikani, na samaki wa namna mbalimbali huchanganyika, hata namna nyingine hupotea. Hivyo nyayo za mtoto mwenye haraka zaweza kusaidia kumdhuru samaki ambaye hajapata kumwona.

Je, iko dawa? Iko, nayo si ngeni. Kaskazini ya Ukerewe kipo kisiwa kidogo cha Ukara, chenye vilima, mawe na watu wengi. Tangu zamani Wakara waliyaokota mawe yaliyozuia majembe yao, wakayapanga yawe kuta za kukata mteremko, ili maji yatulie na udongo ubaki. Ng'ombe waliwafunga nyumbani na kuwakatia majani, na samadi wakaipeleka mashambani. Kwa bidii hiyo nchi ndogo iliwalisha watu wengi.

Mbali sana, katika nchi ya Uswisi, kando ya ziwa la Geneva, wako wakulima waliofanya kama Wakara. Mahali panapoitwa Lavaux vilima ni vikali, navyo vimepandwa mizabibu, mmea ambao katika Tanzania hustawi Dodoma. Kazi hiyo ilianzishwa na watawa karibu miaka 900 iliyopita. Kuta za mawe huzuia udongo, na kati ya mizabibu zimo njia za miguu. Watu hutoka mbali ili watembee katika njia hizo.

Mwanafunzi hawezi kujenga kuta kwa siku moja, lakini anaweza kuitunza njia. Asikate mteremko moja kwa moja, bali apite pale njia inapopinda. Palipoanza mfereji, yeye na wenzake walaze mawe kuukingama, ili maji yapunguze mbio. Maji ya njiani yageuzwe kando, yaende penye nyasi na kutulia. Na palipo njia ya ng'ombe, ua wa manyara, mti ambao pwani huitwa mnyaa, huwazuia wasitawanyike na kukanyaga kila mahali.

Katika Uingereza sheria ya mwaka 1949 iliagiza kwamba njia za miguu ziandikwe katika ramani, ili mtu asizifunge. Lakini ramani haiwezi kuizuia mvua. Njia hulindwa na wale waipitao kila siku. Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa wa njia huzibwa kwa mawe matatu leo. Korongo halizibwi hata kwa mawe elfu.

Maswali
1. Mawe makubwa ya Mwanza yalitokeaje?
2. Taja namna tatu za udongo zinazofuatana kutoka kilimani hata bondeni.
3. Kwa nini njia hukaa juu ya luseni?
4. Wakara na wakulima wa Lavaux wamefanana kwa jambo gani?
5. Tazama njia uendayo shuleni. Maji hupita wapi wakati wa mvua? Ungefanya nini?