Kwa Nini Bega Liume, Tumbo Likipasuliwa?

Mimi ni mwuguzi katika wodi ya upasuaji, na swali hili nimelisikia mara nyingi kwa watu waliotolewa mfuko wa nyongo. Mgonjwa aamkapo huona tumbo linavumilika, lakini bega, hasa la kulia, lauma sana. Huingiwa na hofu, akadhani ni moyo, au daktari amekata pasipopasa. Naona yafaa tulieleze jambo hili, kwani wenzetu wengi waliomaliza shule zamani wamefikia umri wa kupatwa na vijiwe vya nyongo.

Zamani tumbo lilipasuliwa jeraha refu chini ya mbavu. Mwaka 1985 daktari Mjerumani, Erich Mühe, aliutoa mfuko huo kwa njia ya matundu madogo. Siku hizi matundu huwa manne kwa kawaida, na moja hupitisha kamera. Lakini tumboni hamna nafasi ya kufanyia kazi, kwa hiyo daktari hulijaza hewa ya ukaa, ile ile tuitoayo tunapopumua, mpaka linyanyuke kama hema. Hewa hiyo haiwaki moto, tena huyeyuka upesi katika damu na kutoka kwa mapafu.

Taabu ni kwamba hewa hiyo huchokoza kiwambo, yaani ule msuli utenganishao kifua na tumbo. Mshipa wa fahamu wa kiwambo huanzia shingoni, karibu na inapoanzia mishipa ya fahamu ya ngozi ya bega. Ubongo hupokea habari ya maumivu ukakosea anwani. Bega lenyewe ni zima.

Daktari aweza kupunguza maumivu hayo. Kipimo cha kawaida cha nguvu ya hewa ni milimita 12 hadi 15 za zebaki. Wengine hutumia chini ya hapo. Kabla ya kushona huitoa hewa iliyobaki, na penye matundu hudunga dawa ya ganzi.

Mgonjwa naye ana kazi yake. Ameze parasetamoli kwa saa alizopangiwa, pamoja na ibuprofeni ikiwa daktari ameiruhusu (mwenye vidonda vya tumbo au figo mbovu asiiguse). Wanaume hasa hungoja mpaka maumivu yapande ndipo waombe dawa, wakiuita huo ushujaa. Kumbe maumivu yaliyokwisha kupanda ni magumu kuyashusha. Tena ainuke atembee siku ile ile, na akitaka kukohoa abane mto tumboni.

Bega hupoa baada ya siku chache. Lakini maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, homa, macho kuwa ya manjano, tumbo kuvimba au kutapika kusikokoma, hayo si ya hewa: arudi hospitali siku hiyo hiyo. Na maumivu ya kifua yenye kukosa pumzi yasingoje hata saa moja.