Kalisi, Kata na Fighi: Vyombo vya Ibada Machoni pa Wataita

Mtaita wa zamani hakuhitaji dhahabu wala fedha ili amwombe Mlungu. Alihitaji kata ya kibuyu, pombe ya miwa au maji kidogo, na moyo uliokwisha kuachilia kinyongo. Ibada hiyo ndiyo kutasa. Mghosi, yaani mzee wa boma, huchuchumaa, hupiga funda moja, hulishika kinywani kitambo, kisha hulipuliza nje likawa manyunyu huku akitamka anachokiombea: mvua inyeshe, mtoto apone, ng'ombe wazae, hasira iliyomkaa fulani moyoni imtoke. Hupiga funda jingine, akapuliza tena, akaendelea kuomba. Grace Harris, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyeishi kwenye Milima ya Taita kati ya mwaka 1950 na 1952, alitoa kitabu kuhusu dini hiyo mwaka 1978 na kukipa jina la Casting Out Anger, yaani kuitoa hasira. Jina hilo linastahili. Katika Wutasi, ndiyo dini hiyo ya kutasa, maradhi na mikosi mingi hutokana na hasira iliyofichwa moyoni mwa jamaa, mzazi au hata marehemu, na isipotolewa hakuna mbuzi wala pombe itakayofaa kitu. Chombo chenyewe cha ibada, ukitazama vizuri, ni kinywa cha mtu.

Leo milima hiyo ya Dawida, Sagalla na Kasigau imejaa makanisa. J. A. Wray wa Church Missionary Society alifika Sagalla mwaka 1883, na mwaka 1892 mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu wakafungua misheni yao Bura. Pamoja na Injili na shule vilikuja vyombo ambavyo mlima haujapata kuviona: kalisi, yaani kikombe cha fedha, patena na siborio za hostia, chetezo chenye minyororo, kinara cha shaba. Kitukuu cha mghosi aliyetasa kwa kata sasa anapiga goti mbele ya kalisi iliyopakwa dhahabu ndani. Nimewasikia wazee Wakristo wakisema kwamba kibuyu kilikuwa ushenzi na dhahabu ndiyo ibada ya kweli. Nimewasikia vijana nao, wakitoka kuchimba visima na kuhesabu mahindi yaliyoliwa na ndovu, wakisema kwamba dhahabu kanisani ni majivuno matupu. Nadhani pande zote mbili zinaangalia bei, na bei si kiini cha jambo hili.

Tuanze na Biblia yenyewe. Kitabu cha Kutoka kinapoeleza hema ya kukutania, madini yamepangwa kwa hatua. Uani, penye moshi, damu na majivu, kila chombo ni cha shaba: madhabahu, sepetu, nyuma, birika la kunawia. Chini ya mbao za hema vimewekwa vitako vya fedha. Ukipita pazia, huko ndani ni dhahabu: meza na sahani zake, madhabahu ya kufukizia uvumba, na kinara kilichofuliwa pamoja na vyombo vyake kutoka talanta moja ya dhahabu safi, yaani zaidi ya kilo 30. Kuhani hakuhitaji kibao cha kumwelekeza. Alijua amefika wapi kwa kutazama kilichokuwa mkononi mwake. Na kadiri alivyosogea karibu na sanduku la agano, ndivyo madini yalivyozidi kuwa yale yasiyoliwa na kutu.

Fedha ina habari yake, na kwangu ndiyo tamu kuliko zote. Vile vitako 100 havikununuliwa kwa hazina ya tajiri. Vilitoka katika nusu shekeli aliyotoa kila mwanamume aliyehesabiwa, watu 603,550, ikiwa ni fidia ya nafsi yake. Tajiri alikatazwa kuzidisha, na maskini alikatazwa kupunguza. Kwa hiyo nyumba ya Mungu ilisimama juu ya fidia ya watu wote, na hakuna aliyeweza kuonyesha kitako kimoja akasema hiki ni changu. Birika la shaba nalo lina wenyewe: lilitengenezwa kwa vioo vya wanawake waliohudumu mlangoni pa hema, maana siku hizo kioo kilikuwa bamba la shaba lililosuguliwa hadi likang'aa. Kitu alichojitazamia mwanamke asubuhi kikageuka chombo cha kumtakasia kuhani mikono na miguu. Akina mama wa Voi na Wundanyi wanaosugua vyombo vya kanisa kila Jumamosi wangefurahi kusomewa mstari huo mara nyingi zaidi kuliko wanavyosomewa.

Hesabu sura ya 7 ni ndefu, na wasomaji wengi huiruka. Mtu wa kwetu hana sababu ya kuiruka, kwa kuwa inasomwa kama orodha ya harambee. Viongozi wa makabila kumi na mawili wanakuja, kila mmoja siku yake, na kila mmoja anatoa sahani ya fedha ya shekeli 130, bakuli la fedha la shekeli 70 na kijiko cha dhahabu cha shekeli 10 kilichojaa ubani. Mwandishi hafupishi, anarudia zawadi ileile kwa kila jina, kisha anajumlisha: fedha shekeli 2,400, dhahabu shekeli 120. Aliyewahi kuchangia ujenzi wa kanisa akangoja jina lake lisomwe anaelewa kwa nini hakufupisha.

Sasa mbona madini, na si udongo au mti? Jibu moja liko katika Mambo ya Walawi sura ya 6. Nyama ya sadaka ya dhambi ikipikwa katika chungu cha udongo, chungu hicho kivunjwe; ikipikwa katika chombo cha shaba, kisuguliwe na kuoshwa kwa maji. Udongo hunywa. Yeyote aliyekulia Taita anajua tabia hiyo hata kwa kibuyu: kikishatiwa pombe ya miwa, ukioshe utakavyo, ukijaze maji ya mto, asubuhi maji yananukia pombe. Kilichoingia hakitoki. Shaba, fedha na dhahabu hazinywi kitu. Hushika kilicho kitakatifu, kisha hukiachia chote. Kanisa Katoliki bado linafuata hoja hii. Maelekezo yake ya Misa yanataka bakuli la kalisi liwe la kitu kisichofyonza, na waraka kutoka Roma wa mwaka 2004 ukakataza vyombo vya kioo, vya udongo na vya chochote kinachovunjika kwa urahisi. Lakini maelekezo hayohayo yanayaruhusu mabaraza ya maaskofu kukubali vitu vingine imara vinavyoheshimiwa katika nchi zao, na kwa vyombo vya kuwekea hostia yanataja mpingo kwa jina. Mpingo ni mti wetu wa Afrika Mashariki. Nashangaa kwamba mlango huo umeachwa wazi miaka yote hii na mafundi wetu wa kuchonga wamepita kando.

Ipo tofauti kubwa zaidi kuliko ya udongo na shaba, nami naiona kila nikipanda kutoka Mwatate kwenda Wundanyi. Israeli ya jangwani ilikuwa ikisafiri. Haikuwa na mlima wake wala msitu wake, na mahali patakatifu palikunjwa pakabebwa mabegani kila wingu lilipoondoka. Watu wa namna hiyo hawana budi kuutia utakatifu katika vitu vinavyobebeka: sahani, kijiko, kinara, chetezo. Mtaita alikaa. Akatenga mahali. Huo ndio fighi, msitu wa kimila ulioachwa kando ya makazi kulinda nchi, wenye dawa zake na wazee wake. Hakuna aliyeingia humo ila aliyeruhusiwa, na hakuna aliyekata kuni humo hata kama jiko la mkewe lilikuwa baridi. Hivyo ndivyo pia yalivyotengwa mapango ambamo mafuvu ya wazee yaliwekwa baada ya kufukuliwa makaburini, yakapangwa chini ya mwamba, na watu wakaenda huko kuomba nchi inapokauka. Mwisraeli alisema kijiko hiki hakikorogi mchuzi wa nyumbani. Mtaita alisema mti huu haupikiwi. Kazi iliyofanywa ni moja, ile ya kukitoa kitu katika matumizi ya kila siku na kumwachia Mwenyewe.

Ndiyo maana naona wamisionari wa mwanzo walikosa kitu kikubwa walipoyaita mapango na misitu hiyo ushirikina, wakapita. Walikuwa wamefika kwa watu wanaojua kutenga, nao wakaanza somo la kutenga tangu mwanzo, kwa vikombe.

Hatari ya chombo kinachobebeka ni kwamba adui naye anaweza kukibeba. Wababeli waliivunjavunja ile bahari ya shaba ya Sulemani, birika kubwa la hekaluni lililokuwa dhiraa kumi toka ukingo hadi ukingo, wakaichukua ikiwa vipande. Vyombo vidogo vya dhahabu na fedha wakavichukua vizima. Danieli sura ya 5 inamwonyesha Belshaza akivitumia karamuni kunywea divai pamoja na wakuu wake, na usiku uleule mkono ukaandika ukutani. Kosa lake halikuwa ulevi tu, maana wafalme walilewa kila siku. Kosa lilikuwa kukirudisha mezani kilichokwisha kutengwa. Baadaye Koreshi wa Uajemi akavitoa vyombo hivyo, mweka hazina wake akavihesabu kimoja kimoja, na Ezra sura ya 1 inataja jumla yake: 5,400. Jirani zetu Wamijikenda wanaijua furaha hiyo ya kuhesabiwa na kurudishiwa. Vigango vyao, nguzo za mbao za kuwakumbuka wazee, viliibwa vikauzwa ng'ambo kama mapambo, na mwaka 2007 viwili vikarejeshwa Kenya kutoka Marekani. Kigango hakina gramu moja ya dhahabu, lakini familia zilizokipoteza zilikilia sawasawa na wana wa Yuda walioona sahani za hekalu zikipakiwa.

Kaunti yetu yenyewe ni nchi ya mawe ya thamani. Kijani cha tsavoraiti, alichokigundua mwanajiolojia Campbell Bridges upande wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970, kinachimbwa huku Kasigau na Kamtonga. Rubi iko Mangare. Chuma kiko Kishushe. Kifuko cha kifuani cha Haruni kilikuwa na mawe kumi na mawili, kila jiwe na jina la kabila lake. Hata hivyo sijaona kalisi moja katika makanisa ya kwetu yenye jiwe lililotoka ardhi hii. Mawe yanauzwa yakiwa ghafi, mchimbaji anapata kidogo, na kikombe cha kanisa kinanunuliwa Nairobi kikiwa kimetoka mbali zaidi. Mtu akitaka kujua kama dhahabu ya kanisa ni majivuno, na aulize kwanza kama kuna mkono wa Mtaita ndani yake.

Paulo hakuiacha hoja hii bila kuigusa. Anamwandikia Timotheo kwamba nyumba kubwa ina vyombo vya dhahabu na fedha, na vya mti na udongo pia, na anayejitakasa ndiye chombo cha heshima. Anawaandikia Wakorintho kwamba hazina yenyewe imo katika vyombo vya udongo, yaani sisi. Hapo mghosi wa kutasa na mtume wa Tarso wangeelewana bila mkalimani: kinywa kilichotoka kusengenya hakipulizi baraka, na kalisi ya dhahabu haimwoshi mkomunio aliyeweka chuki na nduguye.

Kanisa la kale lilijua pia kwamba ipo siku chombo chenyewe hutolewa. Ambrosi, askofu wa Milano, aliyeyusha vyombo vya kanisa lake katika karne ya nne ili kuwakomboa mateka wa vita, na waliomlaumu akawajibu kwamba afadhali kumhifadhia Bwana watu kuliko dhahabu. Hakuidharau dhahabu. Aliirudisha kwenye kazi ya zile nusu shekeli za jangwani, yaani fidia. Taita imekwisha kuona njaa, kuanzia ile ya Mwakisenge ya 1884 hadi ukame wa juzi, na viongozi wa makanisa yetu wanapaswa kuwa na jibu tayari watakapoulizwa ni nini kitauzwa kwanza.

Tangu nyumba za ibada zilipofungwa mwaka 2020 na kufunguliwa tena kwa masharti, makusanyiko mengi yamezoea vikombe vidogo vya plastiki vinavyotumika mara moja vikatupwa. Nafahamu sababu za afya, na sizipingi. Ila mtoto aliyezaliwa baada ya hapo anakua akiona meza ya Bwana ikihudumiwa kwa kitu kinachokwenda jalalani, na fighi anaiona kwenye ramani tu, au haioni kabisa. Atajifunzia wapi kwamba kuna vitu visivyotumika ovyo?

Ombi langu ni kwa makatekista na walimu wa kipaimara wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta. Kabla askofu hajaja mwaka huu, waleteni watoto mezani, waonyesheni kikombe kwa karibu, waambieni kilitolewa na nani, mwaka gani, na kwa nini hakinywewi chai. Jina la aliyekitoa liandikwe kitabuni ikiwa halijaandikwa. Kisha pandeni nao mlimani siku moja pamoja na mghosi anayelijua eneo, msimame mpakani mwa fighi bila kuingia, na yeye awaeleze kwa nini miti ile haijakatwa. Waghosi hao ni wachache sasa, na wanaoweza kupanda mlima ni wachache zaidi.